Kabla hujamsifu mbabe, waulize akina mama wa Baghdad



Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita nilikuwa darasani na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu katika somo la Maarifa ya Uislamu. Tulikuwa tumefika kwenye kisa cha Nabii Musa (A.S.) na Firauni. Nilipokuwa naeleza sifa za mtawala dhalimu, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Akasema: "Samahani Ustadhi. Firauni tumemuelewa. Lakini Waislamu wa leo tumekuwa wanyonge mno, kila mtu anatupiga. Si tunahitaji mtu mkali kama Saddam, ambaye maadui wakisikia jina lake wanatetemeka?"

Darasa zima likamshangilia. Nikaanza kumjibu, kengele ikalia.

Sikumkemea, na wala sikumcheka. Kijana yule hakuzaliwa wakati Saddam Hussein ananyongwa. Alichokijua ni vipande vya video fupi anavyotumiwa kwenye simu, mtu aliyevaa magwanda anafyatua bunduki hewani kwa mkono mmoja. Lakini zaidi ya hapo, swali lake lilikuwa swali langu mwenyewe nilipokuwa na umri kama wake.

Mwaka 2003, Marekani na Uingereza zilipoivamia Iraq, kinyozi wa mtaani kwetu alikuwa amebandika picha ya Saddam juu ya kioo. Kulikuwa na kijana aliyeitwa Saddam, amezaliwa mwaka 1991, na wala hakuwa peke yake mjini. Mjomba wangu alikuwa hakosi taarifa ya habari ya jioni redioni. Ulipofika mwisho wa mwaka 2006, Saddam akanyongwa alfajiri ya Desemba 30, siku ambayo Makka walikuwa katika Idd el-Adh-ha. Mjomba alilia mbele yetu. Hatukuwahi kumuona akilia, hata alipofiwa. Nami nililia naye. Kumnyonga mtu siku ya Idd lilikuwa jambo la kuwaudhi Waislamu dunia nzima, na liliwaudhi kweli.

Miaka ikapita. Chuo kikuu nikasoma historia ya nchi ile, na ndipo nikaanza kujiuliza swali ambalo siku ile ya Idd hakuna aliyeliuliza sebuleni kwetu: je, akina mama wa Baghdad, wa Basra na wa Halabja, nao walikuwa wakilia kama sisi?

Makala haya ni jibu la kijana yule ambalo kengele ilinikatisha.

Kwa nini mbabe anapendeza?

Tusijidanganye kwamba wanaowapenda watawala wa kiimla ni wajinga. Wapo wasomi, wapo masheikh, na wapo wacha Mungu. Zipo sababu, na ni vyema tuzijue.

Sababu ya kwanza ni dhulma tunayofanyiwa. Mtu aliyepigwa makofi sokoni mbele za watu hatulizwi na hoja za hakimu. Anatulia akitokea jamaa mwenye misuli akamtukana yule aliyempiga. Waislamu waliona Palestina ikimegwa, wakaona Bosnia ikichinjwa kuanzia mwaka 1992 hadi 1995, na wakubwa wa dunia wanaangalia. Ndiyo maana kuanzia Januari 1991, Saddam alipovurumisha makombora yapatayo 40 kuelekea Israel, watu walishangilia kuanzia Amman hadi Kariakoo. Makombora yale hayakumrudishia Mpalestina hata shubiri moja ya ardhi. Lakini mwenye jeraha hahesabu, anataka tu kumsikia mtu akiijibu ile kofi.

Sababu ya pili ni kwamba mbabe hachoshi. Kushauriana kunachosha. Sheria inachelewa, bunge linabishana, kamati ya msikiti inakaa miezi sita kuhusu bomba la maji. Mbabe anasema neno moja na mambo yanakwenda. Katika Suratul Ghaafir aya ya 29, Qur'an inatusimulia kuwa Firauni naye aliwaambia watu wake kwamba hawaonyeshi ila lile analoliona yeye, na kwamba ndiyo njia ya uongofu. Tena alisema hivyo mara tu baada ya Muumini mmoja wa ukoo wake kusimama na kutoa ushauri.

Sababu ya tatu ni kwamba mbabe akibanwa huvaa kanzu. Saddam alikuwa kiongozi wa chama cha Baath, chama kilichojengwa juu ya utaifa wa Kiarabu na siyo juu ya dini. Mmoja wa waasisi wake, Michel Aflaq, alitoka familia ya Kikristo ya Damascus. Chini ya chama hicho aliuawa Sheikh Abdul Aziz al-Badri, mwanachuoni wa Kisunni, mwaka 1969. Aprili 1980 akauawa Ayatullah Muhammad Baqir al-Sadr, mwanachuoni wa Kishia, pamoja na dada yake Amina, maarufu kama Bint al-Huda, mama aliyekuwa akiandika na kuwasomesha wanawake. Lakini vita na Marekani vilipokaribia, Januari 1991, maneno ya Allahu Akbar yakaandikwa kwenye bendera. Mwaka 1993 ikaanzishwa Kampeni ya Imani. Baadaye ukaandikwa hata msahafu kwa wino uliodaiwa kuwa ni damu yake mwenyewe, ilhali kila mwanafunzi wa madrasa anajua hukumu ya damu katika twahara.

Sababu ya nne, na ndiyo kubwa, ni kwamba sisi tunamuona mbabe kwa mbali. Tunamuona uwanjani na jukwaani. Hatumuoni kule anakoishi hasa, yaani ndani ya nyumba za watu anaowatawala. Basi tuingie huko.

Alivyoanza

Uadilifu unatutaka tutaje na mema. Iraq ya miaka ya 1970 ilikuwa nchi iliyokuwa ikipanda. Mwaka 1972 mafuta yalitaifishwa, na Saddam alikuwa mstari wa mbele katika hilo. Elimu ilikuwa bure, hospitali zilijengwa, na kampeni ya kufuta ujinga iliyoanza mwaka 1978 ilisifiwa na UNESCO. Wanawake walisoma na kuwa madaktari, wahandisi na walimu.

Julai 16, 1979 akachukua urais kutoka kwa Ahmad Hassan al-Bakr. Siku sita tu baadaye akaitisha mkutano wa viongozi wa chama, kamera zikiwa zinarekodi. Majina yakawa yanasomwa mmoja mmoja, kila aliyesomwa anainuliwa kwenye kiti na kutolewa nje. Waliobaki wakawa wanapiga kelele za kumsifu kiongozi huku wakitetemeka. Watu 22 walihukumiwa kifo, na baadhi ya wenzao wa chama walilazimishwa kushika bunduki na kuwapiga risasi. Kuanzia siku ile, kila kiongozi wa Iraq akawa ama mfu ama mshiriki.

Ndugu msomaji, tafakari. Katika chumba kile hakuwamo Mmarekani wala Myahudi. Waliotetemeka wa kwanza walikuwa watu wake mwenyewe.

Vita vinapoingia jikoni

Septemba 22, 1980, majeshi ya Iraq yakaingia Iran. Ilidhaniwa vita vitakuwa vya wiki chache. Vilikwisha Agosti 20, 1988, karibu miaka minane. Mamia ya maelfu ya Waislamu wa pande mbili walikufa, wote wakielekea kibla kimoja. Upande wa Iran nako wavulana wa umri wa wanafunzi wangu walipelekwa mstari wa mbele. Mwisho wake mpaka ukabaki palepale ulipokuwa.

Je, ndani ya nyumba kulitokea nini?

Kwanza, baba na kaka waliondoka. Nchi yenye watu wasiofika milioni 15 ilijikuta na jeshi kubwa kupita kiasi, vijana wakimaliza shule wanakwenda kambini, na likizo ikiisha wanarudi mbele. Mama akawa baba na mama. Ofisi na viwanda vikajaa wanawake kwa sababu wanaume hawapo. Baadaye serikali hiyohiyo ikawageukia na kuwahimiza wazae watoto wengi zaidi, kwa kuwa taifa lilihitaji askari wa kesho. Tumbo la mama likaingizwa katika hesabu za wizara ya ulinzi.

Pili, msiba ukawekewa bei. Katika miaka ya mwanzo, hazina ilipokuwa bado imejaa, familia iliyofiwa na askari ilipewa gari, au kiwanja, au fedha. Hebu jiweke katika nafasi ya mjane yule. Asubuhi anafungua mlango, gari jipya liko uani, na aliyestahili kuliendesha yuko kaburini. Majirani wanakuja kumpongeza kwa kuwa mume ni shahidi, naye hawezi hata kuuliza: shahidi wa nini, ikiwa aliyemuua naye alikuwa Muislamu?

Tatu, kimya kiliingia ndani ya nyumba. Utawala ule ulikuwa na vyombo vingi vya usalama, na kila kimoja kikichunguza kingine na vyote vikiwachunguza raia. Wazazi wakajifunza kutosema kitu mbele ya watoto, kwa kuhofia mtoto asije akakirudia shuleni bila kujua. Mwaka 1989 mwandishi wa Kiiraqi, Kanan Makiya, alipoandika kitabu kuhusu utawala ule, alikiita Jamhuri ya Hofu, na hakuthubutu kutumia jina lake halisi ingawa alikuwa nje ya nchi. Nyumba inakuwaje nyumba, kama baba anamuogopa mwanawe wa miaka saba?

Nne, silaha zikageuzwa zikaelekezwa ndani. Machi 16, 1988, mji wa Halabja wa Wakurdi ulipigwa kwa gesi ya sumu. Watu wapatao 5,000 walikufa, wengi wao wanawake na watoto, wengine wameanguka kwenye vizingiti vya nyumba zao. Wakurdi wale ni Waislamu, na wengi wao ni Masunni wa madhehebu ya Imam Shafii kama tulivyo wengi wetu hapa pwani. Kampeni nzima ya kuwaangamiza na kuvibomoa vijiji vyao ilipewa jina gani? Al-Anfal. Jina la Sura ya nane ya Qur'an tukufu. Iwapo mtu mwingine angelitumia jina la Sura kwa kazi kama hiyo, tungeandamana.

Na hapa tusimsahau mshirika wake. Desemba 1983, mjumbe wa Marekani, Donald Rumsfeld, alikwenda Baghdad akapeana mkono na Saddam. Ni Rumsfeld huyohuyo aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani mwaka 2003. Waliomnyoosha mbabe wetu ndio waliomnenepesha.

Deni lilipofika mlangoni

Vita vya Iran viliiacha Iraq na deni la makumi ya mabilioni ya dola, sehemu yake ikidaiwa na Kuwait. Agosti 2, 1990, Saddam akaivamia Kuwait. Siku nne baadaye Umoja wa Mataifa ukaweka vikwazo vya kiuchumi, navyo vikadumu miaka karibu 13.

Vikwazo vile vilikuwa dhulma, na lazima tuseme hivyo bila kuuma maneno. Waliovisimamia walijua kwamba ikulu haikosi nyama. Maofisa wawili wakubwa wa Umoja wa Mataifa waliokuwa Baghdad, Denis Halliday mwaka 1998 na Hans von Sponeck mwaka 2000, walijiuzulu kwa sababu dhamiri zao zilikataa. Baadhi ya takwimu za vifo vya watoto zilizotangazwa wakati ule zilikuja kubainika kuwa haziaminiki, na Muislamu hana haja ya kuongeza chumvi. Mateso yenyewe yalikuwa ya kutosha.

Kila familia ilipewa kadi ya mgao: unga, mchele, sukari, majani ya chai, mafuta, sabuni. Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka foleni za sukari na sabuni hapa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Basi kwa Wairaqi hali ile ilidumu zaidi ya muongo mmoja. Dinari, ambayo kabla ya vita moja ilikuwa na thamani ya takriban dola tatu, ilianguka hadi mwishoni mwa mwaka 1995 dola moja ikazidi dinari 2,000. Mwalimu kama mimi, mshahara wake wa mwezi haukutosha kununua trei chache za mayai. Walimu wakaendesha teksi usiku. Watu wakauza makabati, vitanda na vito vya harusi. Katika mtaa wa al-Mutanabbi, mtaa wa wauza vitabu Baghdad, wasomi walitandika vitabu vyao chini wakauza kimoja kimoja. Mabinti wakaondolewa shule, maana familia iliyokosa nauli huanza kwa kumbakisha binti nyumbani.

Vijana waliochoka wakatoroka jeshini. Mwaka 1994 ikatoka amri kwamba anayetoroka akatwe sikio na kutiwa alama kwenye paji la uso. Madaktari walilazimishwa kuifanya kazi hiyo hospitalini. Fikiria mama anayempokea mwanawe mlangoni, hai, lakini bila sikio. Na waliomkata si Wamarekani.

Huku nje yakiwa hayo, Oktoba 2002 ikafanyika kura ya maoni. Ikatangazwa kwamba wapiga kura wote, milioni 11 na zaidi, walijitokeza, na wote wakasema ndiyo kwa Saddam. Asilimia 100. Hata Mitume wa Mwenyezi Mungu hawakuungwa mkono na watu wao kwa kiwango hicho.

Wanaolipa ni wengine

Jambo jingine ambalo wapenzi wa mbabe hatuliangalii ni nani anayelipa anapoondoka. Waliomshangilia Saddam sana mwaka 1990 ni Wapalestina, kwa kuwa walikuwa na kiu ya mtetezi. Wakati ule Wapalestina zaidi ya laki tatu walikuwa wakiishi Kuwait, wamejenga maisha, wana shule na maduka. Kuwait ilipokombolewa mwaka 1991, walio wengi walijikuta wamefukuzwa au wamezuiwa kurudi. Mtetezi wao aliwapa makombora 40 na akawapotezea makazi.

Nasi Afrika Mashariki tunao mfano wetu. Idi Amin aliiingiza Uganda katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwaka 1974, na wapo Waislamu waliomuona kama simba wa Uislamu. Lakini miongoni mwa Waasia aliowafukuza mwaka 1972 walikuwamo Waislamu wengi. Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, na moto ule uliunguza familia za Tanzania na za Uganda pia. Alipoanguka Aprili 1979, yeye alipata pa kukimbilia, akafariki Jeddah mwaka 2003. Muislamu wa kawaida wa kijijini magharibi mwa Uganda hakuwa na pa kukimbilia. Yeye ndiye aliyelipiziwa kisasi mwaka ule wa 1979, wengine wakauawa kwa sababu tu ya kuwa dini moja na Amin.

"Lakini si bora Saddam kuliko fujo?"

Najua msomaji mmoja atasema: Ustadhi, tazama yaliyofuata baada ya 2003. Mabomu, utekaji, na baada ya kulipuliwa msikiti wa Samarra Februari 22, 2006, Wasunni na Washia wakachinjana mitaani. Watu wenye jina la Omar wakatafuta vitambulisho bandia vyenye jina jingine. Familia ambazo baba Msunni na mama Mshia zikasambaratika. Je, si bora dhalimu mmoja kuliko madhalimu elfu?

Hoja hii ni nzito na haijibiwi kwa kejeli. Wanavyuoni wetu wengi waliotangulia walikataza kumtoa mtawala dhalimu kwa upanga, kwa kuchelea damu zaidi. Waliokufa Iraq baada ya uvamizi wanawashuhudia wanavyuoni hao kwamba walijua walisemalo. Lakini tuwe makini. Kujizuia kuasi ni jambo moja, kumpenda dhalimu na kumuita muadilifu ni jambo jingine kabisa. Katika Suratul Hud aya ya 113 tumekatazwa hata kuwaelemea waliodhulumu, usije moto ukatugusa.

Pia tuulize: fujo ile ilitoka wapi? Aliyeivunja nyumba ni mvamizi, na dhambi yake ni kubwa. Lakini nyumba ilikuwa imekwishaliwa na mchwa. Kwa miaka 24 hakukuachwa jaji, mwanachuoni, chama wala mzee wa kabila awezaye kusimama na kuaminiwa na wote. Mbabe hukata kila mti unaorefuka, kisha akianguka yeye, watu hawana kivuli.

Firauni ndani ya nyumba

Sasa turudi kwenye Qur'an tuliyokuwa tukiisoma darasani. Katika Suratul Qasas aya ya 4, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatueleza makosa ya Firauni. Alijikweza katika ardhi, akawagawa watu makundi, akalidhoofisha kundi moja miongoni mwao kwa kuwachinja watoto wao wa kiume na kuwaacha hai wanawake. Ona jinsi utawala unavyopimwa hapa. Kipimo ni nini kilitokea kwa mtoto na kwa mama yake.

Kisha kisa kinaingia ndani ya nyumba. Kuna mama anayemnyonyesha mwanawe kwa hofu. Kuna moyo wa mama uliobaki mtupu. Kuna dada anayemfuatia mdogo wake kwa mbali. Kuna mke wa Firauni, Bibi Asiya, ambaye ndani ya kasri alimuomba Mola wake amjengee nyumba Peponi na amuokoe na Firauni na vitendo vyake, kama ilivyo katika Suratut Tahrim aya ya 11. Yaani aliyeomba kuokolewa na Firauni alikuwa mkewe mwenyewe. Yeye alimjua kuliko waliomshangilia barabarani.

Na Suratuz Zukhruf aya ya 54 inatuambia kwamba Firauni aliwachezea watu wake akili, nao wakamtii. Lawama haikumwishia yeye peke yake.

Tufanye nini?

Funzo la kwanza ni kutumia mizani moja. Suratul Maida aya ya 8 inatukataza chuki yetu kwa watu fulani isitupeleke kuacha uadilifu. Kuichukia dhulma ya Marekani hakumgeuzi Saddam kuwa Salahuddin. Tunaweza kusema kwa kinywa kimoja kwamba uvamizi ule ulikuwa dhulma, na kwamba aliyevamiwa alikuwa dhalimu. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kumsaidia ndugu yetu anapodhulumiwa na pia anapodhulumu, na kumsaidia dhalimu ni kumzuia.

Funzo la pili ni kutoishabikia vita. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakataza Maswahaba kutamani kukutana na adui, akawaambia wamuombe Mwenyezi Mungu salama, na wakikutana naye wasubiri. Huyu ndiye aliyepigana vita vya haki. Sisi tunaotazama vita kwenye simu huku tunakunywa chai, tunatamani nini?

Funzo la tatu ni kujua kiongozi wetu anafananaje. Sayyidna Abubakar (R.A.) aliposhika ukhalifa alikiri mbele ya watu kwamba hakuwa mbora wao, akawaomba wamsaidie akipatia na wamnyooshe akikosea. Kijana asiyeijua hotuba ile atadhani nguvu ni magwanda.

Funzo la nne ni la nyumbani, na hili linanigusa mimi kwanza. Jioni ya siku ile ya darasani nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka. Watoto walikuwa wakicheka sebuleni. Nilipoingia tu wakanyamaza, mkubwa akazima televisheni, mdogo akajifanya anasoma. Siku nyingine ningeona fahari kwamba nina heshima nyumbani kwangu. Siku ile nilikumbuka nyumba za Baghdad. Nikakaa chini nikamuuliza mke wangu: hivi hawa wananiheshimu au wananiogopa? Hakunijibu haraka, nami nikapata jibu.

Nabii Ibrahim (A.S.) alioteshwa kumchinja mwanawe, na ndoto ya Mtume ni wahyi. Hata hivyo, katika Suratus Swaffat aya ya 102, alimueleza mwanawe na akamtaka aseme anaonaje. Ndiyo Idd tunayoisherehekea kila mwaka. Naye Mtume wetu (S.A.W.) kule Hudaybiyya, Maswahaba walipositasita, aliingia hemani akamueleza mkewe Ummu Salama (R.A.), akachukua ushauri wake, na mambo yakatengemaa. Mtoto aliyekuzwa kwa kushauriwa hawezi kutongozwa na mbabe. Mtoto aliyekuzwa kwa kunyamazishwa, akikua atamtafuta mtu mkubwa zaidi wa kumnyamazisha, na atamwita shujaa.

Juma lililofuata nilirudi darasani nikampa kijana yule jibu hili, kwa ufupi zaidi. Alisikiliza. Mwisho akauliza: "Kwa hiyo Ustadhi, sisi tuendelee kuwa wanyonge?" Nikamwambia hapana. Nguvu tunaihitaji, na Muumini mwenye nguvu anapendwa zaidi na Mwenyezi Mungu. Lakini nguvu ya umma ni majaji wasiohongeka, ni mabinti wanaosoma, ni masheikh wanaosema kweli, ni baba anayeweza kuambiwa na mwanawe "baba hapo umekosea" na asinyanyue mkono. Umma wenye hivyo hauna haja ya kumuazima mtu wa kuwatisha maadui zake. Umma usio na hivyo, mbabe wake ataanza kwa kuwatisha walio ndani.

Mjomba bado yu hai, alhamdulillahi. Nilimsomea makala haya kabla ya kuyaleta gazetini. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Siku ile mimi sikuwa namlilia yeye. Nilikuwa nikijililia sisi." Namuelewa. Ila wakati ule hakuna aliyetuambia kwamba kule Halabja walikuwapo akina mama waliokwisha kulia miaka 18 kabla yetu, na sisi tulikuwa tumebandika kinyozini picha ya aliyewaliza.

Wabillahi tawfiq.